Pembeni mwa Kitabu cha Ubatizo

Riverdale Park, Maryland
11 Februari 2024

Shangazi Leokadia,

Shikamoo waitu. Fredy, yule dereva wa ubalozini, anasafiri kesho kutwa, kwa hiyo naandika haraka kabla hajapita kuchukua bahasha. Najua simu huisikii tena na kitochi chako umekirudisha kabatini. Sikulaumu. Afadhali karatasi; wewe umeishi na karatasi maisha yako yote.

Mguu unaendeleaje? Ndizi zimesimama vizuri baada ya ule upepo? Huku theluji imeanguka mara mbili, ikayeyuka, ikatuachia tope. Mimi ni mzima. Bado napanga pamoja na Wairimu, muuguzi Mkenya niliyewahi kukueleza. Nyumba iko karibu na reli. Treni ikipita vikombe vinagongana kabatini, nasi tumeshazoea.

Edna vipi? Tangu Krismasi sijasikia sauti ya mwanangu. Nilikutumia barua mbili umpe, hajajibu hata mstari. Najua bwenini hawaruhusu simu, lakini kalamu wanaruhusu. Mwambie aniandikie hata kama amekasirika. Aandike tu kwamba amekasirika.

Kazini nimehamishiwa kwa wazee wawili, mtu na mkewe, dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu. Ni watu wa Ayalandi. Mzee anaitwa Malachy Tierney, ana miaka tisini na moja. Mkewe Nora ana themanini na tisa. Walihamia Amerika mwaka 1957, wakapanga chumba kule Shaw, mjini Washington, baadaye wakapata nyumba hii ndogo na hawajahama tena. Mzee alikuwa fundi bomba, mama alifanya usafi shuleni. Hawana mtoto. Nawaogesha, nawapikia, nawapangia dawa. Mama haongei sana. Mzee anaongea kwa niaba ya wote wawili.

Juzi mzee aliniomba nimsaidie kuandika historia ya ukoo wao: walikotoka, nani alimzaa nani, nani alibaki, nani aliondoka. Watu wa huku wanapenda mambo hayo, nikadhani anatafuta cha kupitishia baridi. Nikamwambia shangazi yangu alikuwa karani wa parokia miaka thelathini na mmoja, nitamuuliza pa kuanzia. Alifurahi sana. Kisha akaniinamia sikioni: "Ila usimwambie Nora." Sikuelewa kwa nini ukoo uwe siri kwa mwenye ukoo.

Nielekeze, Shangazi. Na umkumbatie Edna kwa ajili yangu, hata akijifanya hataki.

Mtoto wa kaka yako,
Euphrasia


Muleba
2 Aprili 2024

Mwanangu Euphrasia,

Marahaba. Barua yako ililala Dar wiki mbili, ikalala Mwanza kwa mtu nisiyemjua, ikafika ikiwa na alama ya kikombe cha chai juu ya jina langu. Lakini imefika. Mguu ni ule ule. Mvua imezidi, kahawa haikauki, naianika asubuhi naianua saa sita. Padri mpya ananiita kila Jumanne nikamsomee vitabu vya zamani, maana karani wake hajui kusoma mwandiko wa mapadri wa enzi zile. Nakwenda na fimbo. Wananipa kiti kizuri.

Edna yuko salama. Masomo yamembana. Usimsumbue sana kwa sasa. Ulimwacha na miaka miwili, leo ana kumi na miwili, ana mambo yake. Na wewe ulituambia utamwombea karatasi aje huko. Huu ni mwaka wa kumi. Umefikia wapi? Hilo hukuliandika.

Kuhusu wazee wako. Usianze na babu, utapotea. Anza na walio hai urudi nyuma. Omba cheti chao cha ndoa, uone ni parokia gani. Halafu vyeti vyao vya ubatizo. Halafu wazazi wao. Andika tarehe zote kwenye karatasi moja, uzipange kwa mfuatano. Tarehe zikishapangwa zinaanza kusema zenyewe. Mimi nimeandika ndoa za Juni na ubatizo wa Septemba ya mwaka ule ule, siwezi kuzihesabu. Unaandika tu, macho hunyanyui.

Na mwanamume akikuambia usimwambie mke wangu, basi anachokitafuta ni cha mke.

Vaa soksi. Nimekuombea kwenye Misa ya leo, kwa jina lako lote.

Shangazi yako,
Leokadia


Riverdale Park
16 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Joto limekuja kwa kishindo. Tumefungua madirisha yote na Wairimu amelala sakafuni kama yuko Mombasa, naye ni mtu wa Nyeri. Kazini nipo vizuri. Nimepungua kidogo, usishtuke ukiona picha.

Umeniandikia kwamba Edna yuko salama. Nimelisoma hilo neno mara nyingi. Mtu husema "yuko salama" akiulizwa habari za aliyesafiri. Naomba unieleze anapenda somo gani, amerefuka kiasi gani, nani anamsuka nywele.

Kuhusu karatasi, wakili anasema faili langu liko kwenye foleni. Nikitoka nje ya nchi kabla halijajibiwa, linafungwa. Zaidi ya hapo sina la kukuandikia.

Nilifanya ulivyosema. Mzee Malachy alinipa bahasha kubwa ya hati za nyumba, nikazipanga mezani wakati mama Nora amelala baada ya chakula. Ndoa: Aprili 1956. Safari: Mei 1957. Katikati ya hati za kodi ya nyumba kulikuwa na cheti cha ubatizo, kidogo, kimekunjwa mara nne. Machi 1953. Jina la mtoto ni Ita. Ndiyo, Shangazi, Ita, ni jina la mtakatifu wa kwao. Mama: Nora Coyne. Kwenye nafasi ya baba hakuna kitu, mstari umeachwa wazi.

Nikamwonyesha mzee. Akatazama mlango wa chumba cha mkewe kwanza, ndipo akaniambia, "Mstari ule ni wangu."

Akanieleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Nora alikuwa na miaka kumi na minane. Yeye alikuwa ameondoka kwenda Uingereza kuchimba mitaro, hakujua kwamba ameacha mimba. Wazazi wa Nora wakampeleka binti yao kwa masista, kwenye nyumba walikofichwa wasichana wa namna hiyo. Akajifungulia huko. Akamnyonyesha mtoto, akafua mashuka ya nyumba ile miaka miwili. Siku moja wakamwambia amvishe mtoto koti jipya. Mtoto akapelekwa Amerika kwa watu waliomtaka. Nora akapewa karatasi, akatia saini.

"Niliporudi kutoka Uingereza nilimkuta nyumbani kwao anakamua ng'ombe," mzee alisema. "Hakulia. Aliniambia, ulikuwa na binti. Tukafunga ndoa. Sista mmoja wa jikoni alikuwa amemnong'oneza neno moja tu, Washington. Ndiyo maana tuko hapa, binti yangu. Watu wanadhani tulikuja kutafuta kazi."

Nikamuuliza walitafuta vipi. Akasema alitazama nyuso. Kwenye mabasi, kanisani, kwenye nyumba za watu alizoingia kutengeneza mabomba. Miaka ya kwanza alitazama watoto wa miaka minne, halafu wa kumi, halafu mabibi harusi. Baadaye hakujua tena atazame umri gani.

"Na mama?"

"Nora hajalitaja jina lile tangu tushuke melini. Siwezi kumuuliza. Nimejaribu miaka sitini na saba."

Hawakujaliwa mwingine. Shangazi, mtoto huyo akiwa hai ana miaka sabini na mmoja, na ana jina jingine walilompa wazungu wenzake. Mimi ni mtu wa kuogesha wazee. Nitampata wapi?

Euphrasia wako


Muleba
20 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako kibarazani mchana kutwa. Nashukuru Mungu unakula, ingawa kidogo. Mimi sina shida ya chakula, ndizi tatu zinanitosha kwa siku, na maharage napika ya siku mbili.

Edna anapenda Jiografia. Alirefuka sana mwaka jana. Likizo ya Juni walibaki shuleni, kambi ya masomo. Tuishie hapo.

Sikiliza sasa, maana hili nalijua kuliko mtu yeyote wa huko. Mtu akibatizwa Mkatoliki, jina lake linaandikwa kwenye kitabu cha parokia ile, na kitabu hakihami. Pembeni mwa ukurasa tunaacha nafasi nyembamba. Mtu huyo akija kufunga ndoa, hata kama yuko mwisho wa dunia, padri wa huko lazima aandike kwenye parokia ya ubatizo kuwaarifu: fulani wenu ameoa, ameolewa, tarehe hii, kanisa hili, na nani. Na karani wa huku anafungua kitabu, anatafuta jina, anaandika pembeni. Mimi nimepokea taarifa kutoka Roma, kutoka Kanada, kutoka Zambia. Nimeandika pembeni majina ya watu niliowaona wakibebwa mgongoni.

Wale waliomchukua walibadilisha jina la mtoto. Lakini alipotaka kuolewa kanisani aliombwa cheti cha ubatizo, na cheti chake ni hicho cha Ita. Kwa hiyo kama aliolewa kanisani, pale Ayalandi pembeni mwa jina lake pameandikwa. Hawakuwahi kwenda kuangalia kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba pembeni huandikwa.

Mwandikie paroko wa mahali pale. Usimwandikie kwa kompyuta. Andika kwa mkono, kwa heshima, umwambie mzee ana miaka tisini na moja. Padri anaweza kukataa, maana vitabu vya watoto kama hao wanavifungia. Lakini ndani ya ofisi ya parokia daima yupo mtu mmoja mwenye huruma.

Mwanangu, ukipata jibu, usikimbilie kwa mzee. Kaa nalo kwanza.

Leokadia, shangazi yako anayekuwaza


Riverdale Park
17 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Najua ni msimu wa senene. Wairimu hataki hata kusikia nikieleza tunavyowala wale panzi. Mzee amedhoofika tangu Oktoba. Mama yuleyule.

Ulikuwa sahihi. Paroko alinijibu kwa mkono, bila mhuri, akasema hakupaswa kuniandikia na asingeandika mara ya pili. Pembeni mwa jina la Ita pameandikwa: ameolewa Oktoba 1975, kanisa fulani la Bowie, Maryland, na bwana wa ukoo wa Pruitt.

Bowie, Shangazi. Ni dakika ishirini na tano kwa gari kutoka kwenye kiti cha mzee Malachy.

Nilikaa nalo siku nne kama ulivyoniagiza. Wairimu akatafuta jina kwenye simu yake, akaipata nyumba kabla chai haijapoa. Jumamosi tukaenda na gari lake. Bowie ni majumba na magari tu, ukitembea kwa miguu watu wanakutazama wakidhani umepotea. Tulipofika nikabaki nimekaa.

"Kwani unangoja nini?" Wairimu akasema. "Ebu shuka. Akikufukuza mimi niko hapa, tunaenda."

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mrefu mwenye mvi, amevaa glavu za bustani. Anaitwa Lorraine. Nikamwonyesha nakala ya cheti. Alikitazama kidogo tu.

"Ninacho hiki," akasema. "Kiko juu kwenye droo. Wewe ni nani?"

Nikamwambia ninamtunza mama yake.

"Mama yangu alikufa. Niliandika kwenye ile nyumba ya masista mwaka 1981. Walinijibu kwamba alikufa na kaburi lake halijulikani."

"Yuko hai, mama. Leo asubuhi nimempa uji."

Aliketi pale pale kwenye ngazi, na glavu zake mikononi. Hakulia, Shangazi. Aliniuliza wanaishi wapi. Nilipomtajia Riverdale Park akasema mtoto wake wa kiume alicheza besiboli kule miaka mitatu, kwenye uwanja ulio nyuma ya reli. Akalirudia hilo. Kisha akaniambia nimpe muda, akaingia ndani akafunga mlango polepole.

Mzee nimemwambia. Alinishika mkono, akauliza kama Lorraine ana afya. Mama bado hajui.

Sasa la kwangu. Jumatatu nilipiga simu shuleni kwa Edna. Nilipata namba kwa mtu wa Bukoba anayesali nasi. Mwalimu wa zamu alinitafutia kwenye orodha, akarudi, akasema Edna alihama Januari. Nikamuuliza kahamia wapi, akasema swali hilo niwaulize wazazi wake.

Shangazi, yuko wapi mwanangu? Umeniandikia barua mbili mwaka huu, ungeweza kuniambia.

Euphrasia


Muleba
9 Januari 2025

Mwanangu Euphrasia,

Sina salamu za kukupa zaidi ya kukuomba ukae chini kwanza.

Edna hayuko kwangu. Kesho unatimia mwaka mzima. Alikuja Godlisten, baba yake, na mke wake Jacqueline, kutoka Arusha, pamoja na mtu wa ofisi ya ustawi wa jamii, mwenye faili. Godlisten siye yule aliyekukimbia. Ameacha pombe, ana duka la vipuri, anaongea taratibu. Mke wake hajajaliwa mtoto. Niliomba moyoni awe mkali ili nipate nguvu ya kumfukuza. Hakuwa mkali hata kidogo. Alinisaidia kuanua kahawa.

Mtu wa ofisi akanisomea: mlezi ni bibi wa miaka sabini na minne, mguu mbovu, hasikii, mama wa mtoto yuko ng'ambo mwaka wa kumi, hajulikani atarudi lini. Yote yalikuwa kweli.

Kisha akamwita Edna mbele yetu. Akamuuliza, "Unataka kukaa wapi?"

Hili ndilo lililonishinda kukuandikia mwaka mzima. Masikio yangu ni mabovu, lakini nilimwona midomo. Alisema, "Kwa baba."

Wakaniletea karatasi. Nikatia saini, mwandiko wangu mzuri, ule ule wa vitabuni. Mimi niliyewaandika watoto wa tarafa nzima ili wasipotee.

Sikukuambia kwa sababu nakufahamu. Ungepanda ndege wiki ile ile, faili lako lingefungwa, ungefika hapa huna Amerika na huna Edna. Nikajiambia nasubiri jibu la wakili wako. Likawa haliji. Na kila barua iliyopita ikaifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Barua zako kwake zipo kwangu, sijazifungua. Sikuwa na moyo wa kumtumia Godlisten.

Ulipoandika habari za yule mama Nora na karatasi aliyopewa, nilikunja barua nikaenda kanisani, na haikuwa Jumanne. Padri alidhani nimekuja kusoma vitabu.

Namba ya simu ya nyumbani kwao nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nikaripie. Ila usiache kuniandikia.

Leokadia


Riverdale Park
23 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia tarehe kumi na mbili Februari. Nimekaa nayo wiki tano. Wiki ya kwanza nilikuandikia kurasa sita, nikazichana. Leo nakuandikia nikiwa nimetulia, kwa hiyo pokea haya kama yalivyo.

Nianze na wazee, maana la kwangu bado silipatii mlango.

Lorraine alikuja Jumamosi ya mwisho ya Februari. Mzee aliniomba nimnyoe mara mbili. Asubuhi ile alimwambia mkewe kwamba atakuja mgeni, akashindwa kuendelea, akanitazama mimi. Nami nikashindwa. Kwa hiyo mama Nora alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, blanketi miguuni, hajui lolote, mlango ulipogongwa.

Lorraine aliingia na maua. Akamwamkia mzee. Akaenda hadi kwenye kiti cha dirishani, akapiga goti, mwanamke wa miaka karibu sabini na miwili, akasema, "Naitwa Lorraine. Kabla ya hapo niliitwa Ita."

Mama Nora alimtazama kwa muda mrefu. Akili yake ni nzima, Shangazi, usidhani ni uzee. Akasema kwa adabu kabisa, "Kuna makosa hapa. Mimi sikujaliwa mtoto."

"Nora," mzee akasema.

"Mpe mgeni chai, Malachy. Ametoka mbali."

Nikapika chai mimi. Lorraine alikunywa kikombe chote. Wakaongelea baridi na bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto. Baada ya nusu saa akaaga. Mzee alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia. Nilimsindikiza Lorraine hadi kwenye gari lake, nikamwambia anisamehe, akasema hakuna cha kusamehe, lakini alikaa nyuma ya usukani robo saa bila kuwasha.

Jioni nilipokuwa namwogesha mama Nora, akaniambia huku ananipa mgongo, "Ana mikono ya mama yangu."

Nikamuuliza kwa nini basi amemkana.

"Walinishikisha kitabu," akasema. "Niliapa sitamtafuta, sitamdai, sitajitambulisha kwake maisha yangu yote. Nilikuwa na miaka ishirini. Malachy hakuapa, yeye anaruhusiwa."

Nikamwambia Mungu hawezi kumshikilia mtu kwa kiapo cha namna ile.

"Wewe hukuwepo," akanijibu. Kisha akaniuliza kama yule mwanamke alikuwa na glavu, maana nje kulikuwa na upepo.

Sasa Lorraine huja kila Alhamisi kumchukua mzee, wanakwenda kula supu mahali, anamrudisha. Mama hatoki chumbani. Akisikia gari huniomba nimfungie mlango. Alhamisi iliyopita alisema nisiufunge mpaka mwisho. Sijui kama hiyo ni dalili ya kitu. Mzee anaona ni dalili. Wakati wenyewe hawana, na mimi siwezi kuwasukuma.

Uliniuliza kuhusu karatasi za Edna miezi kumi na moja iliyopita, nami nikakukwepa. Ulininyima lako na mimi nimekunyima langu. Mwaka 2015, mtu aliyenijazia fomu za kuomba kukaa huku alinishauri niandike kwamba sina mtoto. Alisema mwanamke asiye na mtoto anapita haraka, nitarekebisha baadaye. Nikaandika hivyo. Nikatia saini. Nilipompata wakili wa kweli akaniambia kurekebisha sasa ni kukiri kwamba nilidanganya, na faili zima linaweza kuanguka. Kwa hiyo hakuna siku niliyomwombea Edna karatasi, wala hakuna ombi linalosubiri popote. Kwenye hati za nchi hii mwanangu hayupo. Nilikuwa naona aibu kukuandikia hilo, wewe hasa.

Kwa hiyo sikukaripii. Nilitaka sana, sikupata pa kusimama.

Jana asubuhi, saa mbili za huku, saa tisa mchana kwenu, nilipiga ile namba. Wairimu alikaa karibu yangu kitandani, amenishika goti. Iliita mara nne. Akapokea msichana. Sauti imekuwa nzito kidogo, Shangazi, ile ya Krismasi ya mwaka juzi siyo tena. Anaongea kama watu wa Arusha.

Nikasema naomba kuongea na Edna.

"Ndiyo mimi. Shikamoo."

Nikaitikia marahaba. Nikamuuliza hujambo, akasema hajambo. Nikamuuliza shule, akasema nzuri. Nilisikia kuku nyuma yake, na redio. Nilikuwa nangoja anitambue. Nadhani alikuwa anangoja nijitaje.

Mwisho akasema, kwa adabu, kama ulivyomfundisha, "Mama ametoka, ameenda sokoni. Akirudi nimwambie nani amepiga?"

Neno lilikuwepo mdomoni, Shangazi. Lilikuwepo, nalo ni fupi.

Nikamwambia, "Mwambie Euphrasia."

Nikamsikia anavuta pumzi, kama mtu aliyesimama mlangoni na hajui kama aingie. Halafu akasema, "Haya, nitamwambia," na simu ikakatika. Sijui kama aliikata yeye au ilikatika yenyewe.

Euphrasia